Leo, Soko Lingali Wazi!

Unajua! Hapa hakuna jipya la kufundishwa. Umelelewa na mwanamke aliyekwenda sokoni asubuhi, akaushika mchicha kwa vidole, akaunusa, akaukataa ulionyauka. Iwe ni Kadutu ya Bukavu, iwe ni Virunga ya Goma, iwe ni Kongowea, Kariakoo au Darajani, ulikula mboga ambazo jana yake tu zilikuwa bado shambani.

Unajua majani ni chakula. Unajua tunda ni chakula. Unajua mtoto hakui vyema kwa chipsi na soda.

Basi mbona unachelewa?

Wewe mama wa Schaerbeek, wewe baba wa Molenbeek, wewe kijana uliyepanga chumba Ixelles, hapa Brussels, ninakuandikia wewe! Simama kidogo. Nenda jikoni na ukurasa huu mkononi. Fungua friza. Unaona nini? Sombe, kisamvu kilichovuka bahari kikiwa kimeganda. Mapaja ya kuku. Makayabu, samaki waliotota chumvi. Mfuko wa chipsi, na nyuma yake mfuko mwingine wa chipsi.

Sasa fungua friji, vuta ile droo ya chini, droo ya mboga. Kitunguu kimoja kinachoota. Nyanya mbili zilizolainika. Kipande cha tangawizi kilichonyauka.

Hii ndiyo nyumba unayowalea wanao! Na nje, umbali wa vituo vichache vya metro, meza zimejaa hadi kuinama!

Sisemi sombe ni dhambi. Sombe ni yetu, na siku ya harusi au msiba usiponipakulia nitakuuliza. Sisemi makayabu yatupwe jalalani. Ninasema chakula cha sikukuu kimekuwa chakula cha kila siku, na chakula cha kila siku kimetoweka mezani. Unakwenda Matonge, barabara ya Wavre, unalipa bei kubwa kwa kilichogandishwa, kilichokaushwa, kilichotiwa chumvi. Halafu unarudi nyumbani umemaliza pesa, na jani bichi hukununua hata moja!

Geuka, ndugu yangu. Geuka leo!

Shuka Delacroix au Clemenceau, siku ya Ijumaa, Jumamosi au Jumapili, asubuhi. Utawaona fahali wawili wa shaba langoni, na mbele yako paa kubwa la chuma la soko la Anderlecht, lililofunguliwa mwaka 1890 kwa ajili ya mifugo. Wenyeji wanapaita Abattoir, machinjioni. Ingia. Usiogope umati. Wauzaji wanaita bei kwa Kifaransa, kwa Kiarabu, kwa lugha ambazo huzijui, na wewe huhitaji lugha: nyoosha kidole, hesabu euro, pokea mfuko.

Ona kotmiri na nanaa zilizofungwa mafungu. Ona biringanya, bamia, pilipili hoho. Ona spinachi iliyorundikwa kama nyasi za kulishia ng'ombe. Wamorocco na Waturuki walikuja Brussels wakiwa wageni kama wewe, na hawakukubali meza zao zibaki bila majani. Walifunga safari ya soko kila wiki, wakaja na watoto wao, wakajenga biashara hapo hapo. Wewe umekosa nini?

Sasa tazama mkono wa muuzaji wa bitiruti. Analiinua fungu, vichwa vinne vyekundu na majani yake yote, na kabla hajalitia mfukoni anauliza: nikate majani? Mteja aliye mbele yako anaitikia kwa kichwa. Mkono unazunguka mara moja. Majani yanakatika, yanaangukia kreti iliyo chini ya meza. Majani mapana, mabichi, yenye mishipa myekundu, umande bado haujakauka juu yake, yanangoja kutupwa!

Nawe umesimama pale! Wewe uliyekula majani ya kunde, majani ya maboga, matembele, lengalenga! Wewe ambaye bibi yako hakutupa jani lolote linalolika! Zamu yako inafika, unaulizwa swali lile lile, nawe unaitikia kwa kichwa!

Hapana! Sema: yaache. Sema: niongezee na yale ya chini. Mara nyingi hutaombwa hata senti moja.

Yaoshe mara mbili, mchanga utoke. Yakate. Kaanga kitunguu, tia nyanya, tia majani, funika, kisha korogea karanga zilizosagwa. Kabla ugali haujaiva, mboga iko tayari. Na ile sombe, kama ungeanza nayo muda huo huo, ingekuwa bado inachemka, na ingechemka muda mrefu zaidi. Fanya hivyo hivyo kwa majani ya figili, kwa majani ya tanipu, kwa majani ya kohlrabi. Brussels inatupa mboga ya bibi yako kila Jumamosi, na kazi yako ni kuikinga kabla haijafika chini!

Lakini utaniambia: si chakula chetu kile. Karoti zao, kabichi zao, mboga zao za ajabu.

Usijidanganye! Sukuma wiki unayoililia ni ndugu wa damu wa ile kabichi ya majani yaliyojikunja ambayo Waflemi huiita boerenkool. Imejaa sokoni wakati wa baridi, na baridi kali inaizidishia utamu. Chikoni, ile mboga nyeupe iliyofungamana kama kichipukizi, ilianza kulimwa hapa hapa Brussels katika karne ya 19, gizani, ili ibaki nyeupe. Ni chungu, ndiyo. Nani kati yenu aliyekula mnavu anaogopa uchungu? Ikaange na kitunguu, na ukiweza tia maji ya limau mwishoni. Zile kabichi ndogo zilizobeba jina la mji huu unaolipia kodi ya nyumba, umezipika lini?

Ardhi hii inazaa! Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni asparaga zinatoka upande wa Mechelen. Mei stroberi zinaingia, na zile za Wépion zina sifa yake. Kiangazi kinaleta maharage mabichi, nyanya, maboga machanga, cheri. Vuli inashusha tufaha na peasi za Haspengouw, kule Sint-Truiden ambako miti ya matunda inatanda kwenye vilima, na Jonagold na Conference zinauzwa kwa makreti. Hata katikati ya Januari, giza linapoingia saa kumi na moja jioni, liki zipo, karoti zipo, kabichi zipo. Hakuna mwezi ambao ardhi hii inakunyima. Ni wewe unayejinyima!

Na soma vibao. Sheria ya Ulaya inamtaka muuzaji aandike nchi ambako mboga na matunda mengi yametoka. Si kila anayesimama nyuma ya meza ni mkulima. Wengine wananunua kwa jumla usiku, wanauza asubuhi, na nyanya zao za Februari zimetoka Uhispania au Morocco. Si kosa. Lakini ukiona België au Belgique, ukaona na udongo bado umeshika mizizi, nunua hapo kwanza. Kilichovunwa karibu hakikuzeekea njiani.

Sasa nisikie vizuri, maana hapa ndipo penye hatari.

Presha haipigi hodi. Sukari haitumi barua. Unajisikia mzima, unapanda ngazi, unacheka na wenzako kazini, na ndani mishipa inaharibika. Wangapi tumewasindikiza? Wangapi wamelala na kuamka upande mmoja umekufa ganzi? Wangapi wanahesabu vidonge asubuhi na jioni, nao bado hawajafika miaka hamsini? Si chakula pekee kinacholeta maradhi haya; kuna urithi, kuna msongo wa mawazo, kuna kukosa usingizi. Lakini chakula ni sehemu iliyo mikononi mwako, na mikono yako umeikunja!

Shirika la Afya Duniani linasema kila mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, ili kupunguza hatari ya magonjwa ya moyo, kiharusi, kisukari na baadhi ya saratani. Baraza Kuu la Afya la Ubelgiji, katika mapendekezo yake ya mwaka 2019, linataka zaidi: gramu 300 za mboga na gramu 250 za matunda kila siku. Hizo gramu 250 ni tufaha moja na peasi moja, hazizidi hapo! Na chumvi, Shirika hilo hilo linasema isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai. Sasa weka kando ya kijiko hicho makayabu yako, na vile vidonge vya mchuzi unavyovitia viwili viwili sufuriani, kisha ujihukumu mwenyewe.

Hata Wabelgiji wengi hawafikii kipimo hicho cha mboga na matunda. Lakini usijifiche nyuma ya jirani!

Najua utakachosema sasa. Nimekisikia kila mahali watu wetu wanapokutana.

Utasema: sina muda. Unaingia zamu alfajiri, unawaogesha wazee katika nyumba ya wazee, unatoka umechoka, kisha kuna kusafisha ofisi jioni. Ninakuheshimu, dada yangu. Mgongo wako unalisha watu wa nchi mbili. Lakini safari ya soko mara moja kwa wiki haizidi muda unaoutumia foleni ya kibanda cha chipsi siku tatu mfululizo. Siku yako ya mapumziko iko siku gani? Jumatano lipo soko la Sainte-Catherine, mboga za kilimo hai. Jumatano hiyo hiyo alasiri lipo la Châtelain, zuri lakini ghali, na sikusukumi kwenda huko. Jumamosi na Jumapili lipo la Flagey, si mbali na Matonge. Chagua moja! Moja tu, ulishike, ulizoee, wauzaji wakujue kwa uso.

Utasema: sina pesa. Basi wewe hasa ndiye ninayekutafuta! Nenda soko la Midi, Jumapili, pembeni mwa stesheni, moja ya masoko makubwa kabisa ya Ulaya. Ikikaribia saa saba mchana wauzaji wanataka kurudi nyumbani, na hakuna anayetaka kupakia nyanya zilizoiva kwenye gari. Hapo bei zinaporomoka. Kreti nzima kwa euro moja au mbili! Maembe yaliyoiva sana, pilipili hoho, ndizi zenye madoa. Chukua kreti hiyo, mgawane na jirani wa ghorofa ya juu. Pika nyanya zote siku hiyo hiyo, zigandishe kwenye vikopo, na kwa wiki kadhaa hutanunua nyanya ya kopo. Friza si adui. Tatizo ni kile tunachoijaza.

Kisha hesabu soda. Hesabu kwa dhati, chupa kwa chupa, mwezi mzima. Usiniambie tena huna pesa.

Utasema: Jumapili ni siku ya ibada. Amina! Nenda kaabudu. Anderlecht lipo hata Jumamosi. Na wewe mchungaji unayesoma hapa, usinyamaze. Mna ukumbi, mna mtunza hazina, mna vijana wenye magari. Katika mji huu yapo makundi ya familia yanayoitwa GASAP: kaya kadhaa zinapatana na mkulima mmoja, zinamlipa mapema, naye analeta vikapu vya mboga mahali pamoja kwa siku maalumu. Mkulima anajua atauza, familia zinajua zitakula. Huko Neerpede, ndani ya Anderlecht hiyo hiyo, wapo wanaolima mboga na kuziuza moja kwa moja kwa walaji. Mnashindwa nini? Mnachangia msiba, mnachangia harusi, mnachangia sare za kwaya. Changieni karoti!

Na utasema: watoto hawataki. Hapa naomba unitazame usoni.

Nani aliyewafundisha kukataa? Ni nani wa kwanza aliyewanunulia chipsi ili wanyamaze? Mtoto hupenda alichozoea, na chakula kigeni huhitaji kukionja mara nyingi, pengine mara kumi na zaidi, kabla ulimi haujakubali. Umempa karoti mara mbili, akageuza uso, ukasema basi. Usiseme basi! Mpe ya tatu. Mpe ya nne. Kaa naye mezani, ule mbele yake, ufurahie mbele yake.

Bora zaidi, mpeleke sokoni. Mwekee euro mbili mkononi, mwambie achague mwenyewe. Mwache aulize bei kwa Kifaransa chake au kwa Kiholanzi chake, maana kinakishinda chako. Mwache abebe peasi zake. Mtoto aliyenunua peasi kwa mkono wake ataila kabla hamjafika metro.

Na usimdharau kwa kumdhania Mzungu wa chipsi. Ni mtoto wako. Ulimi wake ni wa ukoo wenu. Kama hajui ladha ya mboga mbichi iliyopikwa nyumbani, hajui kwa sababu hukumwonjesha.

Wakumbuke vijana wanne waliochukuliwa uhamishoni Babeli: Danieli na wenzake watatu, wale tunaowajua kwa majina ya Shadraka, Meshaki na Abednego. Ugenini! Mbali na mama zao! Mbele yao ikaandaliwa meza ya mfalme, nyama yake na divai yake. Ni nani angewalaumu kama wangekula? Walikuwa mateka, meza ilikuwa bure, na kila mtu aliye jumbani alikula hivyo. Wakaomba wapewe mazao ya shambani na maji. Wakaomba siku kumi tu za kujaribiwa. Na siku kumi zilipokwisha, nyuso zao zilikuwa na afya kuliko za wote waliokula mezani pa mfalme.

Siku kumi! Sikuombi mwaka. Sikuombi uape. Nakuomba siku kumi, wewe uliye ugenini kama wao, wewe unayeandaliwa kila kona meza ya bei rahisi yenye mafuta na sukari. Na wewe ndugu yangu Mwislamu, umeisoma Surat Al-An'am, umeona mitende na mizeituni na makomamanga yakitajwa kuwa neema, na amri ya kula matunda yake yanapozaa, bila israfu. Neema imeshuka mpaka Anderlecht, na wewe unaipita kwenye metro ukitazama simu!

Msingojee ugonjwa uwaamrishe. Nimewaona watu wakianza kula mboga siku waliyotoka hospitali, na karatasi ya daktari mfukoni, wakizitafuna kwa huzuni kama adhabu. Wewe bado unaweza kuzila kwa furaha. Bado una meno, una nguvu za miguu, una watoto wanaokutazama. Kwa nini ungoje kulazimishwa kile unachoweza kukichagua?

Na usiseme wiki ijayo. Ulisema wiki ijayo wakati wa Pasaka. Ukasema kiangazi kikifika. Kiangazi kikafika, stroberi zikaja, zikaisha. Cheri zikaja, zikaisha. Tufaha zimevunwa, zimeuzwa, na mtoto amekua mwaka mzima bila kuionja hata moja ya msimu wake. Mwaka huo haurudi kwenye mwili wake!

Basi usiku huu, kabla hujalala, tundika mifuko miwili mlangoni. Tenga euro kumi. Mwambie mtoto mnakwenda wapi, ili akukumbushe ukijaribu kughairi. Ijumaa, Jumamosi au Jumapili ni Anderlecht, shuka Delacroix. Jumapili ni Midi. Jumatano ni Sainte-Catherine. Ukifika kwenye meza ya bitiruti na muuzaji akakuuliza kama akate majani, mwambie ayaache.

Nenda!